Tofu Niliyojifunza kwa Masikio

Mama mkwe,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na sina kinyongo, maana hata ulipokuwa hai hukuwa unanijibu mimi. Ulikuwa unamjibu paka. Miaka yote niliyoishi kwenu huku mlimani, heshima ya ukwe ikituzuia kutazamana usoni, ulipotaka kuniambia jambo ulimgeukia Shemasi, yule paka wako mwenye shingo nyeupe, ukasema, "Shemasi, mwambie huyo bwana kuni zimekwisha." Nami nikasema, "Shemasi, mwambie mama nimesikia." Paka akatutazama kwa zamu, kisha akaenda zake kulala. Leo nakuandikia moja kwa moja, kama nimeingia chumbani kwako bila hodi. Uniwie radhi. Jambo lenyewe ni zito, si la kumtuma paka.

Ni Skola, binti yako. Tangu tulipokuzika, hali chakula. Majirani wameleta wali, wameleta kuku, wameleta ndizi za nazi, na vyote nimevila mimi kwa niaba yake mpaka suruali zinanibana. Yeye anakunywa chai ya rangi, analala, anageukia ukutani. Gauni ulilomshonea Pasaka sasa linaweza kuwaingia yeye na mwenzake. Siku moja tu alifungua mdomo akasema, "Ningepata tofu ya mama, labda ningejaribu." Mjomba Beda, kaka yako, aliyekuja msibani kutoka Gairo na gunia la karanga, alisikia. Akasema kama mume ameshindwa kumlisha mke, basi Jumapili anaondoka na mpwa wake, mkewe akamlishe huko Gairo. Na kwenu Waluguru, mama, neno la mjomba halina rufaa. Niliogopa. Nakwambia kweli, niliogopa kuliko siku ya posa.

Sasa tofu, hiyo jibini ya soya, ningeijulia wapi? Kazi yangu jikoni kwako ilikuwa moja tu, kukamua. Viganja vyako vilipoanza kuuma ulitafuta mikono ya kuminya kile kitambaa cha soya iliyotwangwa, ukaniita, yaani ulimwita Shemasi aniite. Nikishakamua, naambiwa nigeukie ukuta. Ulichofanya na yale maziwa baada ya hapo sijawahi kukiona. Nilisikia sufuria ikitua chini, ndimu zikikatwa, rozari ikianza. Nilijifunza tofu kwa masikio, na masikio yangu hayo ndiyo yanayosinzia kila padri akianza mahubiri.

Nikaloweka soya usiku kucha, nikazimenya maganda, nikatwanga, nikakamua. Hapo nilikuwa bingwa. Nikabandika maziwa jikoni, nikatoka mlangoni kumsalimu jirani. Nawe wajua salamu za huku, mtu anaulizwa mpaka habari za mbuzi. Nilipogeuka povu lilikuwa limepanda, limefurika, limezima moto, na linaelekea kwenye viatu vya mjomba.

Nikaanza upya. Kitambaa chako cheupe hakionekani tangu siku ya msiba, nadhani kiliondoka na vyombo vya watu. Nikachukua kanga mpya ya Skola, nyekundu, haijawahi kuonja maji. Tofu ikatoka, tena imara kiasi, lakini ya waridi. Nikaiweka dirishani ichuje maji. Alfajiri mjomba akapita, akaichukua, akaenda nayo mtoni kuoga. Alirudi amenuna. "Sabuni zenu za huku zina nini? Nimejisugua mpaka nimechubuka, haitoi hata povu, na mbwa wa watu wananifuata." Mama, sikuweza kumwambia. Chumbani nikasikia Skola anacheka, nikakimbilia mlangoni kwa furaha. Kumbe alikuwa anakohoa.

Nikajaribu simu. Mtandao huku unapatikana ukisimama juu ya lile jiwe la kufulia, basi nikasimama, nikampata mwanamke mmoja anayefundisha tofu kwa video, vizuri kabisa. Picha ikagoma pale pale aliposhika ndimu. Nikakisia. Nikamimina ndimu maziwa yakiwa bado yanatokota, nikakoroga kwa nguvu zote, nikapata chenga kama pumba. Kuku walikula, ila kwa heshima tu.

Jumamosi ikafika, mjomba ameshafunga begi. Ndipo nikakaa, nikafumba macho, nikausikiliza ukuta wako. Sufuria inatua chini kwanza, halafu ndimu. Unakoroga kidogo, unafunika, unasali fungu moja la rozari. Hukuwa na saa. "Shemasi, mwambie asiguse kifuniko mpaka Atukuzwe Baba." Kumbe sala hiyo ya kufunga fungu ndiyo ilikuwa saa yako, nami siku zote hizo nilidhani ni ibada tu!

Nikafanya hivyo hivyo. Nikaipua, nikaweka ndimu, nikafunika, nikapiga ishara ya msalaba, nikaanza. Lakini sala zangu unazijua. Mimi ni mtoto wa Mikese, nimekua nikikimbiza mabasi na beseni la mahindi ya kuchemsha, hata mbele za Mungu nasema kama basi linaondoka. Nikamaliza fungu, nikafunua: maji meupe. Nikafunika, nikaanza tena mbio mbio, jasho linanitoka.

Sauti ikatoka chumbani. "Unamkimbiza nani?"

Kisha Skola akaanza mwenyewe kusali, polepole, kwa mvuto ule ule wako, akitua baada ya "umejaa neema" kama anayemsubiri mtu apande mlima amfikie. Mimi nikawa naitikia, nimeshika kifuniko kwa mikono miwili. Na kama ulivyokuwa ukifanya, kila akimaliza Salamu Maria moja alimtaja marehemu mmoja. Akamtaja bibi yake. Akamtaja baba yake. Akamtaja mdogo wake aliyekufa angali mchanga. Halafu akafika mahali akakwama. Nilijua amefika wapi. Sikuthubutu kuitikia wala kukohoa. Mjomba naye alikuwa amesimama mlangoni na begi lake mkononi.

"Na mama yangu," akasema.

Tukamaliza fungu. Nilipofunua, mama, maziwa yalikuwa yamejikusanya mabonge mabonge, na maji yake ya manjano yametakata pembeni. Nililia mimi kwanza. Nikachuja, nikakandamiza kwa jiwe, nikakata, nikatia kitunguu saumu, tangawizi na chumvi, nikakaanga mpaka harufu ikafika kwa majirani.

Skola akatoka chumbani, akakaa kwenye kigoda chako. Akachukua kipande, akakigeuza huku na huku. "Hii tofu au tofali?" Akauma. "Chumvi imezidi. Na soya hukuimenya vizuri." Akala. Akasogeza sahani akasema, "Ongeza." Na hapo hapo, mdomo umejaa, akaanza kulia, kile kilio alichokuwa amekizuia tangu makaburini. Alilia huku anatafuna, anakemea chumvi, anadai nyingine. Sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho.

Mjomba alionja, akainusa kidogo, akanitazama sana. Nadhani alishaijua ile sabuni yake. Jumapili akaenda Gairo peke yake, karanga ametuachia, ila aliomba apewe sabuni ya njiani, na akasisitiza tuitoe kwenye karatasi yake aione.

Hayo ndiyo mapya ya kwako. Skola anakula sasa, si sana, ila anakula. Huzuni bado ipo, siku nyingine inamrudisha kitandani saa nne asubuhi, nami siifukuzi. Jana alinisogeza kidogo pale jikoni, akakoroga mara moja, akanirudishia mwiko akaondoka.

Basi pumzika, mama. Mimi nakuahidi hivi: nitaendelea kuloweka soya, nitaendelea kukamua, na kila mara nitaharibu kidogo kwa makusudi, mpaka siku Skola atakaponichoka na kuninyang'anya huo mwiko.

Mkweo,
Anseli