Shule Nyumbani kwa Mkwe

Bujonde, Agosti 1911

Kaka yangu Asajile,

Nakusalimu wewe na mama na wote mliopo hapo Ikombe. Natumaini kifua cha mama kimetulia, na kwamba haendi tena kuchimba udongo asubuhi na baridi ile ya ziwa. Chungu alichonipa kilifika bila ufa, ingawa mtumbwi uliingia maji mpaka miguu ikalowa. Mwambie ndaga, ahsante sana, ndizi zinaivia humo vizuri kuliko vyungu vya huku. Mwili wangu ni mzima. Mume wangu Ambokile naye ni mzima, yuko Mwaya akipakia mizigo melini, na akirudi huwa amechoka hata kusema hawezi. Moyo wangu ndio mbaya, kaka. Watu wa hapa wamenichukiza mpaka chakula hakipiti, na nisipokuandikia wewe nitawatukana hadharani, halafu waseme binti wa Kikisi hakulelewa.

Shule yetu uliiona siku mlipokuja kuchukua ng'ombe wa mahari yangu. Mchwa wamekula nguzo zake, na boriti moja ikaangukia benchi asubuhi ambayo kwa bahati watoto walikuwa bado wanaimba nje. Wamisionari wakaagiza ijengwe upya kwa matofali ya kuchoma. Basi Mwalimu Ezra akawaita majirani wote waamue wanafunzi watasomea wapi mpaka paa jipya lipande.

Jambo hili lilinihusu kuliko watoto. Krismasi kutakuwa na ubatizo, na mtu mzima habatizwi mpaka asome sura nzima mwenyewe, mbele ya Mwalimu na wazee wa kanisa. Mwalimu amekwisha kusema kwamba mwakani huenda darasa la wanawake lisiwepo, kwa kuwa tumebaki wachache. Nimeingoja siku hiyo tangu nilipoolewa. Wewe ulinifundisha herufi kwa kuchora mchangani, unajua nilivyozililia.

Mkutano ule ungeuona ungetema mate. Kila aliyesimama alianza na watoto wetu, watoto wetu, kisha akawafukuza hao watoto kwake. Kanisa lipo, kubwa, linakaa tupu wiki nzima. Lakini Yohana anayetunza funguo alisema watoto wananuka samaki na maziwa, wana chawa, na funza wao watabaki sakafuni wawaingie waumini. Huyo Yohana mwenyewe hutembelea visigino kwa sababu ya funza, na mkewe ndiye humtoa funza hao kwa mwiba kila Jumamosi ili aweze kusimama Jumapili. Anyitike ana banda refu la kukaushia matofali, nalo ni nusu tupu. Alisema watoto watamlia ndizi zake. Wakabishana hivyo mpaka jua likawa kali, na watoto wenyewe wamekaa pale pale wakisikia jinsi wanavyonuka.

Ndipo mkwe wangu aliposimama. Jina lake unalijua, mimi hata kuliandika mkono unakataa. Huku mke na baba mkwe hawaonani wala hawasemezani, na siyo mchezo kama mnavyodhani huko ziwani. Nikisikia kikohozi chake njiani naingia migombani, najifunika nguo usoni mpaka apite. Hata siku hiyo ya mkutano nilikaa nyuma ya migomba nikiwa nimempa mgongo, nikisikiliza kwa kisogo. Alisema kwa sauti yake ya upole, ile anayosemea Injili kanisani, kwamba nyumba yake ya ng'ombe ni ndefu na safi, wanafunzi waje wasomee humo mchana ng'ombe wakiwa malishoni, naye hataki shukrani.

Wakamshukuru sana. Mwalimu Ezra akajaribu kusema kwamba kuna mwanafunzi mmoja, mke wa Ambokile, asiyeweza kukanyaga ua ule. Yohana akamjibu kwamba mwanamke mmoja hawezi kuzuia watoto wa kijiji kizima. Wakacheka, kaka, wakaenda zao kula. Hakuna hata mmoja aliyeuliza funguo za kanisa tena.

Jioni mama mkwe Angetile aliniletea maziwa ya mgando. Akaniambia nivumilie, nyumba ya matofali si itakwisha. Nikamwuliza itakwisha lini. Akayanywa maziwa yale mwenyewe akarudi kwake. Na haitakwisha leo wala kesho, maana tangu watoto wapate pa kukaa hakuna anayekuja kubeba matofali. Majani yameanza kuota juu ya lundo.

Sasa, kaka, ukifika hapa kohoa, mwambie mama kuwa barua imekwisha, umsomee zile salamu za mwisho. Yanayofuata ni yako peke yako.

Sikuacha kusoma. Mwalimu Ezra anajua, mwingine hakujua. Nyumba ile ya ng'ombe ina ukuta wa mianzi, na nyuma yake ndipo wanapotupa samadi. Kila siku napita mtoni, nazunguka, nakaa kati ya lundo la samadi na ukuta, nachora maneno ardhini kwa kijiti. Inzi wananiingia puani. Nikirudi naoga mpaka ngozi inauma na bado nanuka. Mimi, ambaye sina chawa wala funza, ndiye niliyepewa mavi.

Wiki iliyopita nilisikia humo ndani sauti ya mtu mzima ikisoma pamoja na watoto, silabi moja moja. Alikuwa mkwe. Mzee wa kanisa, aliyebatizwa kabla ya sharti hili la kusoma, anayesimama kila Jumapili na kitabu mkononi, hajui kusoma. Maneno yote yale ameyashika kwa kichwa. Nikaelewa kila kitu nikiwa pale na inzi wangu. Muda wote niliokaa kwenye benchi la shule ya zamani, yeye hakuweza kuisogelea kwa sababu yangu, na aibu ikamzuia kumwambia Mwalimu ampangie saa yake. Badala ya kusema, akaihamishia shule nyumbani kwake, mimi nikatoka. Nilitaka kumhurumia, kaka, nikashindwa.

Walikuwa wakisoma habari za Yesu kando ya ziwa. Akafika kwenye neno akakwama. Wa-vu. Wa-vu. Akarudia mpaka watoto wakaanza kucheka, na Mwalimu alikuwa nje akimkimbiza ndama. Mimi binti wa baba yetu, niliyelala utoto wangu juu ya nyavu, nilivumilia nikachoka. Nikasema kwa sauti, kupitia mianzi: wavuvi.

Nimemsemesha mkwe wangu. Nikajifunika uso nikingoja ardhi inimeze. Kisha nikamsikia akisema taratibu, wavuvi, akaendelea na mstari.

Kesho yake nilikuta samadi imefagiliwa mbali, na pale ninapokaa pametandikwa mkeka mpya. Hakutuma mtu, nyayo zilikuwa zake, kubwa. Mkeka nimeukalia, maana ni mzuri. Lakini unanichukiza kuliko samadi. Mtu aliyeweza kuniondolea mavi angeweza kusimama mbele ya Yohana akadai funguo za kanisa.

Mwalimu Ezra ameniuliza kama siku ya kupimwa nitasoma. Wazee wote watakuwa ndani ya nyumba ile, na mkwe ni mmoja wao. Nimemwambia nitasoma nikiwa nyuma ya ukuta, sura nzima, kwa sauti ya kufika barabarani. Anayeona vibaya kunisikia atoke yeye. Nyumba ni yake, njia ya kutokea anaijua.

Msalimie mama, msalimie na wifi yangu Veronika na watoto. Nitumieni dagaa wakavu kidogo mtumbwi ukija, na Mungu awalinde nyote.

Ni mimi dada yako,
Rut, ndilo jina nitakalobatizwa, mke wa Ambokile