Shikamoo ya Muhidini

Kerege, 4 Mei 2025

Mwanangu Hafidha,

Salamu nyingi. U mzima? Kifua kimeacha kukusumbua? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mchicha wangu, ambao mbuzi wa jirani ameumaliza.

Nakuandikia kwa mkono na kumpa jirani Zuwena akija mjini kuuza madafu, kwa sababu simu yangu haina laini. Laini anayo Muhidini, pamoja na kadi yangu ya benki na namba yake ya siri. Ndiyo masharti yake. Mwaka jana, mwezi wa saba, nilikopa kwake laki tano za mchango wa harusi ya binti wa mwalimu mkuu. Walimu wote walichanga, ningejificha wapi? Riba ni thelathini kwa mia kila mwezi. Mshahara ukiingia anautoa yeye, anakata riba yake, ananiletea kinachobaki. Deni lenyewe halipungui hata shilingi.

Nilikwenda benki Bagamoyo kuomba mkopo wa riba ndogo nimalizane naye. Wamenikatalia, kwa kuwa nastaafu mwisho wa Julai. Chama chetu cha akiba nacho kimekataa. Sasa kiinua mgongo changu kitaingia kwenye akaunti ile ile ambayo kadi yake anayo yeye. Sina kingine cha uzeeni. Nakuomba unikopee kwenye zile programu za simu wanazokopa wenzako, nikomboe kadi kabla ya Julai.

Usimchukie Muhidini. Nilimfundisha tangu darasa la kwanza. Kila akija hunipa shikamoo ameinamisha kichwa.

Shangazi yako,
Ashatu


Dar es Salaam, 10 Mei 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta u mzima na presha imetulia. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio uliochafuka. Nilisoma barua yako mbele ya sahani ya wali, nikaisukuma sahani.

Sitakukopea. Programu hizo ni Muhidini yule yule aliyevaa suti: ukichelewa siku moja, kila mtu aliyemo kwenye simu yako hutumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Benki iliyokukatalia, bila kujua, imekufanyia hisani.

Hebu tazama kitu unachokiita masharti. Riba ni laki moja na nusu kwa mwezi. Kwa miezi kumi amekwishachukua milioni moja na nusu, na bado anakudai laki tano zile zile. Yote hayo kwa ajili ya keki na ukumbi wa binti ambaye hata jina lako halijui. Je, huo ni mkopo, au ni mtu kula mshahara wa mwalimu wake na kumletea makombo mlangoni? Wala si riba inayonitia kinyaa zaidi. Ni ile shikamoo. Anakukamua, anafuta mikono, anakuamkia, nawe unamwitikia.

Kadi ameichukua. Laini ameichukua. Kidole chako hakukichukua, na laini husajiliwa kwa alama ya kidole. Nenda na kitambulisho chako wakurudishie laini, kisha benki waifunge kadi ile na kukupa mpya. Hapahitajiki mkopo wowote. Ukishindwa, nitakuja mimi.

Mwanao,
Hafidha


Kerege, 26 Mei 2025

Hafidha,

Marahaba. Naitikia kwa kuwa ni wajibu. Tu wazima.

Nani alikutuma uje huku? Umesimama mbele ya kibanda cha Muhidini, watu wamepanga foleni, ukahutubia kama uko kwenye mkutano wa chuo: kupe, fisi wa mishahara, sijui nini. Yeye akasema tu, "Mpeni dada maji, pumzi zinamwishia," na watu wakacheka. Wewe ukapanda gari ukarudi zako. Niliyebaki ni mimi. Mwezi huu amenikata elfu hamsini zaidi. Anaiita ya usumbufu. Mwalimu Cosmas, ambaye kadi yake nayo iko kule, hanisemeshi.

Tena umesahau jambo. Deni ni deni, na nikifa kesho nitaulizwa. Siwezi kumdhulumu mtoto niliyemshika mkono akaandika jina lake.

Usije mpaka nikuite.

Shangazi yako


Dar es Salaam, 1 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Habari za afya yako, na za mchicha?

Sitakuja. Katika maneno niliyosema pale siondoi hata moja, ila hotuba haifungi kadi.

Umeandika kwamba utaulizwa. Kweli: utaulizwa laki tano, nawe umezilipa mara tatu. Riba ataulizwa aliyeila. Nami nina swali langu. Julai ikifika, jasho la miaka thelathini na minane ya chaki likaishia ndani ya kibanda kile, nani atakuwa amemdhulumu nani? Ulimfundisha kuandika jina lake. Mwambie akuonyeshe limeandikwa kwenye leseni gani ya ukopeshaji.

Ndani ya bahasha nimeweka nauli ya kwenda Bagamoyo na kurudi. Si mkopo. Kidole ni chako, Shangazi, siwezi kukiazima.

Mwanao,
Hafidha


Kerege, 29 Juni 2025

Mwanangu,

Najua uliniandikia na sikujibu. Sikuwa na la kusema mpaka liwe limefanyika.

Nilingoja mpaka siku moja kabla ya mshahara ndipo nikaenda Bagamoyo, ili Muhidini asipate muda wa kuja na maneno matamu. Kwenye duka la laini, kidole kilikataa. Kijana akasema chaki imekula alama. Tukajaribu kimoja baada ya kingine. Gumba la kushoto likakubali. Benki hawakuuliza mengi, wakaifunga kadi ile na kunipa mpya.

Kesho yake alasiri Muhidini akaja. Nilikuwa nachambua mchele barazani.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikachambua mchele.

"Mwalimu, shikamoo."

Hafidha, tangu nianze kufundisha sijawahi kumnyima mtoto jibu. Ulimi uliniwasha. Nikamtazama viatu, nikaona ni vipya, nikajua ni mimi niliyevinunua. Nikakielewa kile kinyaa chako.

"Mashine imeikataa kadi," akasema. "Umekasirika?"

"Leta leseni yako."

"Leseni ya nini tena, mwalimu? Sisi si ndugu?"

"Laki tano zako nimezilipa mara tatu, ulichozidisha nakuachia. Nguo aliyoivaa mwizi, hata akiirudisha, siivai tena. Ukiona nimekudhulumu, twende kwa mwenyekiti wa kijiji sasa hivi, navaa kanga ya pili."

Hakwenda. Aliiweka kadi iliyokufa juu ya mkeka, akaondoka bila kuaga.

Juzi Mwalimu Cosmas alipita, akazungumza habari za mvua kwa muda mrefu sana. Alipofika kwenye njia akarudi, akaniuliza kwa sauti ya chini ni kidole gani kilikubali.

Salamu yako nimeiacha mpaka mwisho makusudi, maana sasa naangalia ni nani ninayempa.

Marahaba, mwanangu.

Shangazi yako,
Ashatu