Alama Niliyompa Neema

Nkuhungu, Alhamisi jioni

Nimemwonea mtoto wa watu, tena kwa kalamu.

Fomu ya wilaya ilitutaka walimu wa darasa la awali tupime tabia ya kila mtoto. Penye "Huwadharau watu wazima," Neema nilimwekea "mara nyingi sana." Ana miaka mitano. Kila asubuhi hunipokea mlangoni: "We mzee, meno umeyaacha wapi? Mimi siolewi na kibogoyo!" Darasa zima huangua kicheko. Sasa anatakiwa kwa mtaalamu, kama mtoto mwenye tatizo la tabia.

Leo bibi yake aliitwa shuleni. Nilipomweleza maneno yenyewe, alicheka hadi akashika kiuno.

"Mwalimu, si mmewafundisha wakuite Babu? Babu hutaniwa! Kwani wewe huna wajukuu?"

Sina. Nilikimbia vita kwetu nikiwa kijana, na huku sikujaliwa mtoto. Lakini utani wa babu na mjukuu niliujua kabla ya kujua kusoma. Babu yangu nilikuwa nikimwambia atafute mke mwingine, bibi ni wangu, naye akinifukuza kwa mkongojo huku anacheka. Nimeusahauje?

Fomu zimeshapelekwa wilayani. Kesho nitazifuata, nikaseme nilikosea. Sijui kama watanisikiliza.

Mchana, bibi yake alipokwisha kuondoka, Neema alinijia. Kumbe mwalimu mkuu alikwisha kumkaripia. Akapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Na mimi mchumba wangu yuko wapi?"

Alitazama chini, akaomba ruhusa ya kurudi darasani.