Wanataka Shati la Mume Wangu Wauvishe Mgomba

Mpendwa Mama Chenge, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba majina yetu yote uyabadilishe, maana kanisani kwetu gazeti lako linapita mkono kwa mkono mpaka linachanika, na wakinijua sitakuwa na pa kuweka uso.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, naishi Igoma, nashona nguo, na mume wangu Yeremia alikuwa, au ni, hata sijui niandikeje, fundi seremala na mzee wa kanisa, na miaka miwili na miezi minne iliyopita kanisa lilimtuma kisiwani kupaua kanisa dogo ambalo waumini wa kule walikuwa wameshapandisha kuta wakakwama, akakaa huko wiki mbili, akanipigia simu akasema mama Precious, bati la mwisho limepigwa, kesho narudi, na kesho yake boti la mbao walilopanda likapigwa na dhoruba likapinduka wakiwa watu wanane, watano wakaokolewa, wawili wakapatikana wameshakufa, Yeremia hakuonekana. Mama, alikuwa anatoka kujenga nyumba ya Mungu, hakuwa anatoka kilabuni, na hapo ndipo moyo wangu ulipokwama hadi leo.

Siku ya tatu nyumba ilikuwa imejaa, kina mama wako mikekani, nje moto wa msiba unawaka, akaja mtumishi mmoja aliyekuwa na mkutano wa hema hapa mtaani, akaniwekea mkono kichwani akasema namwona Yona tumboni mwa samaki, mume wako yu hai, atatapikwa nchi kavu, ila usimlilie, kwa sababu ukimlilia unamzika kwa kinywa chako mwenyewe. Nikasema amina, na sikuishia kusema, nilichukua ndoo nikaumwagia ule moto maji mbele ya wakwe zangu, nikawaambia kina mama wakunje mikeka waende makwao, hapa hakuna msiba. Mama mkwe wangu, Bibi Hellen, alikaa chini kwenye yale majivu mabichi akilia, nami nikamwambia mama nyamaza, usinifungie baraka.

Tangu hapo nyumbani kwangu hakuna aliyelia. Tukila, sahani ya Yeremia inawekwa mezani, na anayempakulia ni binti yetu wa pekee, Precious. Nimefunga na kuomba, ahadi za Mungu nimeziandika kwenye karatasi nikazibandika ukutani juu ya cherehani ili nikishona nizisome, mtumishi aling'oa hema lake akaenda zake na simu yake haipatikani, na bado nikasema Mungu hasemi uongo. Mwaka huu Precious ameanza kidato cha kwanza, tukapewa fomu, mahali pa baba akaandika "marehemu", nikaiona tukiwa mbele ya mwalimu nikamzaba kofi. Hakulia. Alinitazama tu akasema, "Mama, mimi nimechoka kumpakulia mtu ambaye hayupo." Sasa anaishi Kisesa kwa shangazi yake Dorcas, na nikimpigia anasema shikamoo mama, basi.

Mume wangu kwao ni Ukerewe, na katika ukoo wao mtu akipotelea majini na mwili usionekane hukata mgomba, wanauvisha nguo yake, wanauzika kaburini kama mtu, wanalia, halafu matanga yanaanuliwa. Bibi Hellen anaumwa, miguu imejaa maji, anasema hataki kufa kabla hajamzika mwanawe. Jumapili iliyopita shemeji yangu Paulo alikuja, hakufoka, akaniambia, "Shemeji, tunaomba shati moja tu. Mke ndiye anayelitoa, usipotoa wewe hatuwezi kuzika, na mama hana muda." Wamepanga Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu.

Kuna jambo jingine dogo, pengine halihusiani. Siku ya tano baada ya ajali alikuja mvuvi wa dagaa anaitwa Yakobo, mtu mzima, alisikia habari za boti akawa ananiulizia nyumba kwa nyumba, akaniambia kuna mwili waliuokota ufukweni kwao, maji yalikuwa yameshauharibu, hawakuweza kukaa nao, wakamzika hapo hapo juu ya mwalo wao, pale wanapoegesha mitumbwi, karibu na jiwe kubwa, mwenyekiti wa kitongoji akishuhudia, ila alimvua mkanda ili ndugu zake wakipatikana wajue. Akaufungua kwenye kipande cha turubai. Mkanda ule una tundu la kutoboa kwa msumari, limeenda upande, Yeremia alilitoboa mwenyewe alipokonda na taifodi nami nikamcheka sana siku ile, fundi mzima ameshindwa kutoboa tundu moja likanyooka. Nikasema baba, huu si wa mume wangu. Akaniuliza, "Mama, una uhakika?" Nikasema ninao. Akauacha juu ya kigoda, akanitajia jina la mwalo, akaaga. Sijamwambia mtu, kwa sababu mtumishi alikuwa ameshasema yu hai, na mikanda inafanana.

Sasa swali langu, Mama, ni hili: nikitoa shati nitakuwa nimeikana ahadi ya Mungu? Na kuzika mgomba si upagani? Na kama Mungu aliahidi, mbona anachelewa hivi? Nijibu kabla ya tarehe hiyo.

Ni mimi Ninayengoja, Igoma.

*

Marahaba, mwanangu. Majina nimeyabadilisha. Sura yako siwezi kuibadilisha, na nadhani ukimaliza kusoma hapa watu wako wataijua tu, na itakuwa heri.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeanza na boti, ukaja kwa Yona, ukanizungusha na mgomba kama ni upagani ama si upagani, halafu pale karibu na mwisho ukaniambia kuna jambo dogo. Dogo! Mtu katoka na boti yake, kaacha kazi yake, kaja hadi Igoma akiuliza nyumba kwa nyumba ili akuambie mumeo amelala wapi, wewe unamwita jambo dogo lisilohusiana. Nilikasirika hadi nikaweka miwani mezani. Kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe, mwanangu wa pili alipofariki, nilibishana na daktari tangu asubuhi hadi saa tisa kwamba mtoto amelala, nikamfunika miguu asipate baridi. Kwa hiyo sikucheki, na sikuhukumu kwa siku ile ya tano. Siku ile ulikuwa umechanganyikiwa. Ninakusema kwa miaka miwili iliyofuata.

Unauliza mbona Mungu anachelewa. Nani kakuambia amechelewa? Ziwa hili linameza watu na wengi halirudishi hata kiatu. Wako alitoka. Aliokotwa na watu wasiomjua, wakamchimbia kaburi, wakamwekea shahidi, mmoja wao akabeba mkanda akaja kukutafuta. Hayo yote yalifanyika ndani ya siku tano. Uliyemfukuza mlangoni ndiye pengine alikuwa ametumwa, na uliyemkaribisha ni yule aliyeondoka na hema.

Sasa habari ya ahadi, maana najua ndiyo inayokuumiza. Kwamba Yeremia atarudi hai, hiyo ilikuwa ahadi ya nani? Mungu hakuisema. Aliisema mtu, mwenye mkutano wa kujaza, akamkuta mjane siku ya tatu. Mungu aliahidi kuwa nasi tupitapo majini. Hakuahidi kwamba hatutazama. Aliahidi kuwafufua waliokufa, na ahadi hiyo, mwanangu, inasema waziwazi kwamba watu watakufa kwanza. Hizo karatasi zako za ukutani usizibandue, ni za kweli. Ila umezitumia kuwaziba watu midomo. Bibi Hellen ulimnyamazisha kwenye majivu, na mtoto ukamzaba kofi kwa kuandika kweli. Imani gani hiyo inayoogopa kalamu ya mtoto wa kidato cha kwanza? Ile haikuwa imani, ilikuwa hofu iliyovaa nguo ya Jumapili.

Najua pia kwa nini umeng'ang'ana na habari ya mgomba. Ukiukataa, utaonekana mwenye msimamo. Ukiukubali, matanga yataanuliwa na siri yako itazikwa pamoja na shati. Njia zote mbili hazikulazimu kusema. Mimi sitakusaidia kuchagua kati ya hizo. Wakwe zako wanataka kuzika mgomba kwa sababu wanaamini hawana mwili, na hilo wanaliamini kwa sababu yako. Usithubutu kumwacha mama mgonjwa alie juu ya mgomba wakati wewe unajua jina la mwalo.

Fanya hivi, na usisubiri kupata ujasiri, maana hautakuja. Gazeti hili linatoka Jumatano, na Jumamosi yenu ya kuzika iko mlangoni. Leo hii funga cherehani. Pitia kwa Dorcas kwanza, mwambie binti yako kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote, mwombe radhi kwa lile kofi, na akitaka kulia mwache alie hata siku nzima, ana deni la machozi la miaka miwili ambalo si yeye aliyelikopa. Akikataa kukusamehe leo usimbembeleze kwa maandiko. Kisha vuka uende Ukerewe. Usipige simu, jambo hili halisemwi kwa simu. Beba shati, na beba mkanda. Mkanda umkabidhi Bibi Hellen mkononi mwake, umweleze yote, pamoja na kwamba uliujua tangu siku ya kwanza kwa lile tundu. Watakutukana. Paulo yule mpole pengine ndiye atakayekutukana kuliko wote, na mawifi zako watakumbuka ndoo ya maji. Pokea. Usijitetee kwa jina la mtumishi, kwa kuwa yeye alikudanganya siku moja, zilizobaki umejidanganya mwenyewe.

Halafu Paulo na wazee waende kwenye mwalo ule wamtafute Yakobo na mwenyekiti. Kama jiwe bado lipo, kaburi lipo. Wataamua wenyewe kama watamhamisha au watamjengea palepale. Kama ikitokea Yakobo hapatikani na kaburi limesombwa, hapo ndipo utatoa shati kwa ajili ya mgomba, kwa mikono yako miwili, na usiniulize tena kama ni upagani. Mama kumlilia mwanawe si upagani popote.

Na wewe? Wewe nenda ukalie. Siwezi kukuahidi kwamba baada ya hapo itakuwa nyepesi. Pengine Bibi Hellen atafariki bila kukuita tena mwanangu. Pengine Precious atabaki Kisesa mwaka mzima. Nakuambia tu kwamba Mungu unayemwogopa kumkosea imani hajawahi kuogopa makaburi. Hata Bwana, alipofika kwenye msiba wa rafiki yake, aliuliza wamemweka wapi, wakampeleka, naye akalia mbele za watu, ilhali alijua atakachofanya.

Mama mkwe wako anauliza swali hilohilo, mwaka wa tatu huu, miguu imejaa maji. Jiwe unalijua, mwalo unaujua. Kamwambie.

Mama Chenge