Senge, Nimechagua Kamera Ndogo

Mpendwa Senge, shangazi yangu,

Upokee salamu za nyumba nzima ya kaka yako hapa Nakuru, nyumba ileile ya landi, makazi ya wafanyakazi wa reli, uliyotuachia, yenye mlango unaogoma kufunga kila mvua inaponyesha. Ninafahamu kwamba barua zinazofika kwako Bunyore husomwa kwa sauti mbele ya wote waliokuja kunywa uji, na kwamba kila msikilizaji hutoa hukumu yake kabla ukurasa haujageuzwa. Kwa sababu hiyo nimeiandika hii waziwazi, kama barua ya watu wote. Ninawaomba walioketi nawe wanivumilie pale nitakapotaja mambo yetu, mimi na wewe. Ninamwomba pia anayesoma asiifungue bahasha ndogo iliyo ndani mpaka nitakapomwambia.

Nianze na ile picha uliyoturudishia. Nilipohitimu masomo yangu kule Kampala, Baba alitukusanya akatupeleka studio. Mama alivaa viatu vya jirani, Baba alivaa koti la harusi yake, nami niliegemeza mkono juu ya nguzo ya mbao iliyopakwa rangi ionekane kama jiwe. Nyuma yetu palichorwa ziwa lisilofanana na ziwa lolote la nchi hii. Tuliituma kwako kwa fahari kubwa, nayo ikarudi ndani ya bahasha ileile pamoja na maneno uliyomtuma mtu akuandikie: “Nimeziona nguo. Watu wenyewe wako wapi? Macho yangu yameanza kuingia ukungu, na kabla haujafunga kabisa nataka kuwaona ninyi.”

Baba alisoma, akakunja karatasi, akaenda kuangalia kuku. Mama alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba ukungu hausubiri, na kwamba katika nyumba hii mwenye mshahara mpya na mwenye kupaswa kufanya jambo ni mimi. Jioni ile niliwatangazia kwamba nitanunua kamera yangu mwenyewe, niwapige picha wakiwa walivyo, upate kuwaona watu wako ungali unaweza.

Kutangaza ni rahisi, Senge. Kuchagua ndiko kulikonirudisha kwako.

Je, waikumbuka siku ya karabai? Nilikuwa mdogo kiasi cha kushikwa mkono barabarani, nanyi watu wazima mlikuwa mmekwenda madukani kununua taa. Baba alikuwa amekwisha kuipenda ile ya kupampu, yenye mwanga mweupe unaotoka nje ya dirisha na kuwatangazia majirani kwamba hapa wanakaa watu. Mwenye duka aliiwasha mchana kweupe, na Baba akasimama mbele yake kama aliyeitwa na daktari. Ndipo ukauliza, kwa upole, ni nani atakayeiwasha usiku ambao kaka yako yuko njiani na gari la moshi, akilisha tanuri makaa huko mlima wa Mau. Mwenye duka alimtazama Baba. Baba aliitazama taa. Sisi wengine hatukuwa na mkono wa kuipampu wala moyo wa kuikaribia. Tulirudi na taa ya chemni, ya kawaida kabisa, na Baba alitangulia mbele njia nzima. Wewe ulinishika mkono ukaniambia neno ambalo wakati ule sikulielewa: “Kitu cha mtu mmoja kwenye nyumba ya watu wengi ni ugomvi uliofungwa karatasi.”

Nikukumbushe pia namna ulivyonunua sufuria. Hukuigonga tu kwa kidole kama wengine. Uliiweka kiunoni, ukanibeba mimi upande wa pili, ukazunguka duka zima ukiinama na kuinuka, huku wateja wakikupisha. Ulisema kitu hakipimwi ukiwa umesimama bure. Kipime ukiwa na kazi mkononi. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, na sijakutana na kanuni ya ununuzi iliyonifaa zaidi.

Basi niliingia katika duka la vifaa vya picha, na mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, alinipangia kamera juu ya kaunta. Ilikuwapo ya sanduku, nzito na ya mraba, ambayo nadhani hata mfuko wa koti la askari ungeikataa. Ilikuwapo kubwa yenye kava la ngozi na mkanda wa shingoni, lenzi yake imezungukwa na pete zilizojaa namba. Pembeni, kama mtoto aliyeambiwa asiingilie mazungumzo, ilikaa ndogo nyeusi isiyozidi kiganja.

Sitakuficha kwamba ile kubwa iliniita. Niliivaa shingoni nikajiona katika kioo cha kabati, na kwa kweli ilinifaa. “Hii ndiyo ya mwalimu,” mzee alisema. “Wewe napita nayo barabarani, watu wote najua huyu amesoma.” Maneno yale yaliteremka kifuani mwangu kama chai ya moto. Ndipo nikakukumbuka, nikafanya kama wewe. Niliinama kana kwamba nafunga kamba ya kiatu, na kamera ikaning'inia, ikagonga mbao za kaunta kwa sauti iliyomfanya mzee ateremshe miwani yake. Nikajiona niko juu ya baiskeli, natoka Njoro ambako nafundisha, upepo wa mashamba ya ngano ukinipiga ubavuni na chombo hiki kikicheza ngoma tumboni mwangu. Nikamwuliza kama mama yangu angeweza kuitumia.

“Hii?” alisema. “Hata mimi bado nasoma kitabu yake.”

Hapo akaniletea ile ndogo, na nitamshukuru daima kwa kuwa hakunificha kasoro zake. Unavuta lenzi mbele kidogo, unatazama katika tundu, unabonyeza kitufe kimoja, basi. Nyuma kuna kidirisha chekundu kinachoonyesha namba ya picha unapozungusha filamu. Inataka jua, ndani ya nyumba ni kipofu. Usimsogelee mtu mno, uso utayeyuka. Na picha zake ni ndogo, zinakaribia ukubwa wa kiberiti.

Neno hilo la mwisho lilinisimamisha, Senge. Picha ndogo, kwa macho yenye ukungu. Nilisimama pale, mkono mmoja umebeba kamera ambayo ungeona picha zake vizuri na mkono mwingine umebeba kamera ambayo ingewaona watu wako vizuri. Mzee alinieleza kwamba picha yoyote ndogo yaweza kukuzwa iwe kubwa kama ukurasa wa kitabu, ila kazi hiyo ina bei yake. Nikapiga hesabu. Ile ya ngozi ingemeza mshahara wote na kuniacha na pambo la shingoni lisilo na filamu ndani. Ile ndogo ingeniachia filamu, kusafishwa kwa picha, na kukuzwa kwa moja. Moja tu. Nikaitia kamera ndogo katika mfuko wa koti, nikazunguka duka, nikainama, nikainuka. Nilisahau kwamba ipo. Nikajua kwamba nimepata.

Usidhani kwamba mambo yalinyooka hapo. Nilipofika nyumbani na kuitoa, Mama aliificha sufuria ya ugali nyuma ya mlango na kukimbilia kilemba cha kanisani. Baba alisema nisifanye neno lolote mpaka apate koti. Majirani walitoka na watoto waliooshwa nyuso ghafla, wakajipanga mbele ya ukuta kama miti ya mpaka wa shamba, mikono ubavuni, pumzi imezuiwa. Filamu yote iliishia hapo, na picha moja ilitokea Mama akiwa amechanganyika na kamba ya nguo kwa kuwa nilisahau kuzungusha. Baba alizitazama moja moja akasema, “Hizi pia atarudisha.”

Nikatambua kwamba kosa halikuwa la kamera wala la watu. Kamera ilikuwa bado mgeni, na mgeni huvaliwa nguo nzuri. Kwa hiyo nikawaambia kwamba ni ya nyumba nzima, nikaiacha izoeleke. Nilikwenda nayo shuleni na kurudi nayo. Jioni niliiweka mezani kando ya chumvi. Mama aliitumia kukandamizia gazeti lisipeperuke, kisha akaanza kuisogeza kwa kiwiko bila kuitazama. Siku moja nilimwona Baba akiulizia kiberiti, akaichukua kamera, akaitikisa, akairudisha akiguna. Nikajua kwamba kamera imekwisha kuwa mtu wa nyumbani. Nikatia filamu ya pili.

Katika ile bahasha ndogo, itakapofunguliwa, utamkuta Baba kizingitini, viatu kando, akimsimulia jirani jinsi injini ilivyokataa mlima. Mkono ulioinuliwa ndio injini yenyewe, utaijua. Utamkuta Mama akianika ovaroli siku ya lile vumbi jeupe la ziwani, kinywa kimejaa vibanio na jicho moja limekunjwa. Anaisema Nakuru nzima, ijapokuwa picha haitoi sauti. Utaona pia lile jiwe lako kando ya geti la reli, ulipokuwa ukiuza mandazi na kuwatania makuli waliochelewa zamu. Siku hizi anakaa pale mwanamke mwingine mwenye kikapu. Aliponiona nainua kamera aliniuliza kama naipiga picha biashara au mwenyewe. Nilimjibu kwamba napiga jiwe. “Basi jiwe lilipe mandazi,” alisema, nami nikanunua.

Zimebaki mbili, na hizi ndizo zilizonipa shida.

Jumamosi moja niliazima joho la mwalimu mwenzangu, pamoja na kofia yake, nikamwomba Baba anipige picha mlima wa Menengai ukiwa nyuma yangu. Sikuona haya kutaka uione heshima hiyo, kwa kuwa sehemu ya karo yake ilitoka katika mandazi yako. Baba aliishika kamera kwa mikono miwili kama yai, akaniamuru ninyooke, nikanyooka.

Asubuhi ya pili yake, kabla ya ibada, nilikuwa nje nawasha jiko. Nilikuwa tayari na shati jeupe, tai nimeitupa begani isiungue. Makaa yalikuwa na unyevu, na moshi na majivu vilinijia usoni. Nikapiga magoti nikapuliza kama ulivyonifundisha mahali hapohapo, kwa maneno yako: pulizia chini, moto hauanzii kichwani. Mashavu yalijaa kama ya mpiga tarumbeta. Nikasikia mlio mdogo wa kitufe. Mama alikuwa amesimama juani, unga mikononi, kamera imepakwa unga pia.

Nilimwambia, kwa heshima, kwamba amemaliza filamu juu ya kitu kisichofaa.

“Na kamera ulisema ni ya nani?” aliniuliza.

“Ya nyumba, Mama.”

“Basi nyumba imekupiga. Puliza, uji unachelewa.”

Picha zilipokuwa tayari, mzee wa duka aliziweka hizi mbili kando ya nyingine, akaniuliza ni ipi aikuze. Yeye mwenyewe aligusa ile ya joho. Alisema ni ya kutundika sebuleni. Niliomba ruhusa nikatoka nazo hadi barazani penye mwanga. Nilizishika mbali na macho yangu, nikayafinya mpaka kila kitu kikawa na ukungu, nikijaribu kuona kama unavyoona. Katika moja nililiona joho, nikaiona kofia, na chini ya kivuli cha kofia sikuona mtu. Nikaishika ya pili. Nikarudi ndani nikamwambia mzee ni ipi aikuze, naye akainua miwani akanitazama, kisha akatabasamu akaandika.

Ndogo ya joho nayo imo katika bahasha hiyohiyo. Naomba itazamwe mwisho.

Sisi ni wazima, Senge. Baba anakohoa kidogo wakati wa baridi ila hataki isemwe. Mimi ninaipenda kazi yangu, na kila asubuhi ninapoikanyaga baiskeli kuelekea Njoro ninahisi kitu kidogo kikinigusa ubavu kupitia koti, na ninafurahi. Sijui kama kipo chombo kingine nilichokinunua bila kujuta hata siku moja. Shule zitakapofungwa nitapanda gari la moshi kuja kwako, nayo kamera itakuja. Usivae kitu chochote kwa ajili yetu.

Sasa ninamwomba anayesoma aifungue ile bahasha ndogo, atoe picha kubwa, akupe mkononi bila kukuambia lolote. Sogea nayo mlangoni, penye jua. Wote wanyamaze. Itazame kwa muda unaotaka. Ukiona nguo, irudishe kama ile ya kwanza. Ukimwona mtu, mwambie apulizie chini.

Ni mimi, mwana wa kaka yako,
yule mwenye majivu usoni.