Mkono Mmoja Mfukoni

Chumba cha cherehani,
ubavuni mwa karakana ya Baba.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa kaka yangu Mashoto,

Kabla ya lolote, hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na mgongo, ule unaokusumbua kwa kuinama kwenye mashimo ya lifti, umepata nafuu au bado unajifanya kijana? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, na ulimi wake ni mzima zaidi. Baba ni mzima isipokuwa mikono, na hayo ya mikono nitayafikia, usinikimbize.

Barua hii imekuja ndani ya kifurushi, juu ya kitu kilichofungwa kwa karatasi ya kahawia. Nakuomba usikifungue mpaka umalize kusoma. Nakujua. Wewe ulikuwa unafungua redio za watu kabla wenyewe hawajamaliza kueleza zinaumwa nini. Safari hii nivumilie.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu mimi na wewe huishia kwenye hali ya hewa. Wewe na Baba ndiyo kabisa: shikamoo, marahaba, hamjambo huko, hatujambo, haya mpe Mama. Miaka kumi na miwili ya haya mpe Mama. Kwa hiyo nakuambia mapema ili usije ukasema nilikuvizia: nataka urudi nyumbani, hata kwa wiki moja, na barua hii yote ni ya kukushawishi. Nimeshasema. Sasa tuingie kwenye habari.

Mapacha wamerudi.

Ndio hao hao, amplifaya mbili za ukumbi wa dansi, zile za valvu, kila moja na taa zake nne za kioo zenye urefu wa chupa ya soda. Hujawasahau, hasa yule mmoja. Msimamizi wa ukumbi alikuwa amewatupa stoo akanunua mashine mpya ya kubeba kwapani. Haikuwa mbovu. Baba mwenyewe aliwahi kuifungua, akasema imetengenezwa vizuri, akaifunga, kwa sababu hamkuwa na kitu humo ndani ambacho mkono wa mtu ungeweza kukirekebisha. Ila wacheza dansi wakaanza kukaa mapema. Wengine walisema ni uzee, wengine walisema ni viatu. Msimamizi alibisha miaka mingi, kisha mwezi wa kumi na moja akaja na gari, Mapacha wamefunikwa godoro, naye ana uso wa mtu anayemrudia mke aliyemwacha kwa maneno makali. Ukumbi unapakwa rangi, utafunguliwa upya mwezi wa nane, naye anawataka wote wawili wakiwa wazima.

Nikuambie ukweli, mimi zamani nilidhani mapenzi ya valvu ni ukaidi wa wazee tu. Mashine nzito namna ile, inakula umeme, inachemsha chumba, ukiiwasha inakutaka ungoje kwanza ipate moto ndipo iseme. Mimi wateja wangu wakingoja hata kifungo kimoja wananuna. Lakini karakana ya Baba haikauki watu. Daktari wa meno wa mtaa wa pili huja kila mchana na amplifaya yake ambayo haina ugonjwa wowote. Anaiweka mezani, anaiwasha, anakula mkate wake akitazama taa zinavyoiva rangi ya machungwa. Nilipomuuliza inamsumbua nini, alisema siku nzima anasikiliza keekee ikilia midomoni mwa watu, anataka nusu saa ya kusikia kitu kisichomkwaruza. Mama naye kapata faida yake, anaanika soksi juu ya wavu wa kifuniko. Baba anazitoa, Mama anazirudisha, na ndoa inaendelea.

Sasa mikono. Baba mikono inatetemeka, Kaka. Ilianza kidogo, kikombe kikagonga kisahani, tukajifanya hatusikii. Mwaka huu hawezi kushika chuma cha kulehemu. Na unajua mwenyewe, mkono unaotetemeka hauna ruhusa ya kuingia kwenye mashine yenye volti mia sita. Alimzunguka Pacha wa kwanza siku tatu akimfuta vumbi ambalo halikuwepo. Siku ya nne akaja chumbani kwangu, akasimama mlangoni, jambo ambalo hafanyi.

"Wewe unatunga uzi kwenye sindano bila miwani," akasema. "Njoo uniazime hiyo mikono."

Nikaenda shingo upande, nina magauni sita ya sare yananingoja. Lakini ilibidi nipige moyo konde. Yeye alikaa kwenye kiti kile cha chuma, mimi nikasimama kwenye benchi, yeye macho na mdomo, mimi vidole. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kile alichokufundisha wewe: mkono mmoja kazini, mkono mmoja mfukoni, siku zote, hata kama umechomoa waya ukutani. Maana kapasita hubaki na umeme wake humo ndani hata mashine ikiwa imezimwa, na ukishika huku kwa mkono mmoja na kule kwa mwingine, umeme unapita kifuani. Kabla ya kugusa chochote humwaga umeme ule kwa waya wenye kishikizo, na hata ukishaumwaga, mkono unabaki mfukoni. Wewe unayajua haya kuliko mimi. Nayarudia kwa sababu ndipo habari yenyewe ilipo.

Akanipa aproni yako. Ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Unakumbuka Mama alizishona mbili kwa kipande kimoja cha jinzi, yako na ya Baba, kwa kipimo kile kile. Nikaivaa, mkono wangu wa kushoto ukaingia mfukoni wenyewe, na kazi ikaanza.

Wiki tatu, Kaka. Tulibadilisha kapasita zilizovimba, tukasafisha soketi moja moja, tukalehemu upya viungo vilivyokufa. Ndipo nilipoanza kuelewa wale watu. Ndani ya Pacha kila kitu kinaonekana. Waya huu unatoka hapa unakwenda pale, kuna mtu aliupinda kwa vidole vyake, na kama umeharibika unautoa unaweka mwingine. Ni kama koti zuri: ukilifumua unaona fundi alifikiri nini. Mimi nguo za siku hizi nikizifumua sioni mtu.

Siku ya kuwasha, Baba alinikagua kama nahodha. Spika imeunganishwa? Imeunganishwa. Angalia tena, maana ukiwasha bila spika unaunguza transfoma. Nikaangalia tena. Tukawasha, tukangoja. Daktari wa meno aliacha kutafuna. Taa zikaiva polepole, kisha Baba akaweka santuri ya zamani, mwanamke anaimba na gitaa moja, na nikamsikia yule mwanamke akivuta pumzi kabla ya neno la kwanza. Nimeisikia santuri hiyo tangu nazaliwa na sikujua kama anapumua. Baba akapandisha sauti mpaka madirisha yakatikisika, lakini haikukwaruza. Alisema mashine nyingine ukiizidishia hukatika ghafla na kupiga kelele, hii huinama kwanza. Nililia kidogo, nikasema ni moshi wa lehemu.

Kesho yake nikasema haya, tumfungue wa pili. Baba akasema hapana. Akamfunika kwa shuka. Huyo wa pili ndiye aliyekurusha wewe kwa umeme.

Nikabaki nimekaa na aproni yako mapajani, naitafuta mahali pa kutia kiraka. Mimi ni fundi cherehani, Kaka, nguo hunieleza mwenye nguo. Ile ya Baba mdomo wa mfuko umelika mpaka nyuzi nyeupe, miaka yote hiyo mkono unaingia unatoka. Yako uliivaa miaka minne, na mfuko wake ulikuwa mpya. Kingo zake zilikuwa na rangi kama siku ilipokatwa. Lakini upande wa kulia, nyongani, pasipo na mfuko, kitambaa kilikuwa kimekwisha, kimeng'aa kwa mafuta ya vidole. Mkono ulikuwa unakuja hapo kutafuta pa kuingia, na hamna.

Nikamwuliza Baba, "Kaka alikuwa anaweka mkono upi humu?"

"Wa kushoto, kama watu wote," akasema. Halafu akaichukua aproni. "Lakini wa kushoto ndio aliokuwa anafanyia kazi."

Akakaa kwenye kile kiti cha chuma, akipitisha kidole pale kitambaa kilipokwisha. Mimi nilikumbuka siku ile yote. Wewe sakafuni, wateja wamesimama, unafumbua macho, na badala ya kukuinua Baba akakupiga kibao. Akakuambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mikono miwili kama yako haina nafasi kwenye benchi lake. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na siku ile Baba alijikwaa ulimi. Wewe ukavua aproni, ukaitundika vizuri kwenye msumari, ukaondoka, na hukusema neno hata moja la kujitetea. Kwa nini hukusema? Au nawe ulidhani kosa ni lako?

Ulikuwa husikii? Ulikuwa unasikia sana. Ulikuwa na mkono mmoja wa bure ambao hakuna aliyeushonea mahali pa kukaa, ndio maana siku ile ukaegemea kwenye chuma cha Pacha. Nina hasira, Kaka, na sijui nimkasirikie nani. Nyumba hii ina cherehani mbili. Tulikuita Mashoto kila siku, tukicheka, mezani, barabarani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeufumua ule mfuko akauhamisha. Ni kazi ya dakika kumi.

Mwishowe Baba akasema: "Nilidhani amekufa. Alipofumbua macho nikashindwa kushukuru, nikapiga." Akafuta uso kwa kitambaa cha kusafishia valvu. "Kumbe mkuu ndiye hakuona."

Nikamwambia nitakuandikia. Akakataa, akasema ni maneno yake, atayasema mwenyewe. Ile simu ya Jumatano ya mwisho wa Februari, alipokuuliza mara mbili kama huko mvua inanyesha, ndiyo hiyo. Nilikuwa nimesimama pembeni namsukuma kwa macho. Akavuta pumzi kama yule mwanamke wa kwenye santuri, nikajua sasa linakuja. Halafu akasema haya, mpe Mama. Usimcheke. Mimi nilishamcheka na Mama alishamcheka, inatosha.

Keshoye alikuja na jinzi mpya, mita moja na nusu, kachagua mwenyewe. Akataka aproni. Mwili wake nimeukata na kuushona mimi, kwa kipimo cha kukadiria, maana sijui siku hizi una kitambi au Shemeji anakubania. Nilipofika kwenye mfuko akanipokonya. Alishona kwa mkono, kwa sindano na uzi wa nta ule wa kufungia nyaya, mikono yake ikiwa vile nilivyokuambia. Siku nne. Alijichoma, alifumua, alitukana sindano. Mama alitaka kumsaidia akafukuzwa, nami nilikatazwa hata kutazama.

Pacha wa pili bado yuko chini ya shuka. Msimamizi wa ukumbi ameuliza mara tatu, na mara tatu Baba amemjibu kwamba huyo ana fundi wake. Mimi nimekatazwa kumgusa.

Shangazi anakusalimu, anasema picha uliyotuma umekonda na hataki kubishana. Daktari wa meno anakusalimu ingawa hakujui, anauliza kama ni kweli ulimtambua valvu mgonjwa kwa kumgonga kwa penseli. Mama anasema hana salamu za kwenye karatasi, atakupa za ana kwa ana. Msalimie sana Shemeji, umwambie kitanda kipo na godoro ni jipya. Mungu akulinde huko kwenye mashimo yako, na kila kamba unayoiamini ikushike.

Haya, fungua karatasi sasa. Mshono umepinda kama njia ya mbuzi, na kona moja imekunjika. Kazi kama hiyo ikitoka kwenye cherehani yangu naichoma moto. Hii usimruhusu fundi yeyote ainyoshe. Ivae, ushushe mkono wako wa kulia, uone unaingia wapi.

Mdogo wako akupendaye sana,
fundi wa nguo, na wa Pacha mmoja tu.