Kamba Umeifunga Wapi

Mwalimu Kilonzo,

Jibu ni saa arobaini na mbili na nusu. Limeandikwa kwa rangi Jumamosi kwenye ukuta wa maabara ya shule yako pale Zombe. Naanza na hilo kwa sababu liliniondolea usingizi wiki nzima.

Baada ya mazishi yako, sisi wanafunzi wako wa zamani tulikubaliana kuandika ukutani hesabu moja kutoka daftari lako. Binti yako Mwende alipiga picha ukurasa mmoja akanitumia niuhakiki, kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa habari. Ilikuwa hesabu ya Io, mwezi wa Jupita: unachukua muda gani kuizunguka sayari yake mara moja. Mwandiko wako. Jibu: saa thelathini na mbili.

Nilirudia mara tatu. Fomula ilikuwa sawa, uzito wa Jupita sawa. Umbali ndio uliokosewa. Kilomita elfu mia tatu hamsini ni kutoka juu ya Jupita, na mwezi hupimwa kutoka kitovu cha sayari. Kilomita elfu sabini na mbili zilikuwa zimeachwa.

Nimeandika makosa ya wakubwa wengi bila kusita. Lako sikuweza. Nilimwambia Mwende tutafute ukurasa mwingine.

"Unamhukumu baba kwa picha ya simu?" aliniuliza. "Njoo usome daftari."

Nilitoka mjini Mwingi asubuhi nikaenda kwenu Zombe. Kwenye jalada uliandika: Makosa mazuri. Nyuma ya ukurasa ule, kwa wino mwekundu: "Mtoto wa mchimba visima. Kwao kina hupimwa kutoka mdomoni mwa kisima. Ana sababu. Mwonyeshe kitovu." Chini yake umbali sahihi, kilomita elfu mia nne ishirini na mbili, na saa zake arobaini na mbili na nusu.

Ulikuwa umenakili kosa la mwanafunzi. Mwanafunzi huyo ni mimi.

Baba alichimba visima kwenye mchanga wa mto mkavu. Mimi nilishika kamba ya kupimia kina na kusoma mafundo yake kuanzia mdomoni. Siku ile darasani hukusema nimekosa. Ulisimama kando ya dawati ukauliza, "Kamba umeifunga wapi?" Wenzangu walicheka, wakadhani unatania. Mimi nilisahau. Wewe ulihifadhi, na jina langu hukuliandika.

Nilicheka mpaka Mwende akaniletea maji. Hukuwa umekosea, Mwalimu. Sijui kwa nini kosa hilo lilinilemea hivyo, lakini mzigo umetua.

Shuleni, fundi wa rangi alikuwa amechoka kuningoja. "Mwandishi, rangi inakauka. Tunaandika hesabu ipi?"

Nilimwambia aandike zote mbili, kosa kushoto, sahihisho kulia. Chini ya kosa ameandika jina langu.

Lala salama, Mwalimu. Kabla sijatuma habari ya mtu yeyote, nitauliza kwanza kamba imefungwa wapi.

Musyoka